Dawa Inayopelekwa Ndani ya Jicho

Maambukizi ya bakteria ndani ya jicho, ambayo wataalamu huyaita endofthalmaitisi, hayafanani na macho mekundu yanayopona kwa matone, kwa kuwa bakteria hao hustawi katika ute mzito uliojaa kati ya lenzi na retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, na ute huo hauna mishipa ya damu ya kuleta chembe za kinga. Kuta za mishipa midogo ya retina zimebanana ili kuilinda na sumu zilizomo katika damu, lakini ulinzi huohuo huzuia sehemu kubwa ya dawa anayomeza mgonjwa, nayo matone huishia sehemu ya mbele ya jicho.

Kwa hiyo daktari, akisha kulitia jicho ganzi na kulisafisha kwa ayodini, hupitisha sindano nyembamba katika weupe wa jicho, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa konea, kile kioo cha mbele, akavuta ute kidogo wa kupimwa maabara, kisha akaingiza miligramu 1 ya vankomaisini na miligramu 2.25 za seftazidimu, kila moja katika mililita 0.1 na kwa bomba lake, maana zikichanganywa hugandamana. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1995, wa wagonjwa 420 walioambukizwa baada ya upasuaji wa jicho, ulionyesha kwamba kuongeza dawa za mshipani hakukuboresha uoni, ilhali kuuondoa ute kwa upasuaji wa haraka kuliwafaa wale waliobaki wakitambua mwanga tu.

Njia ya misafara ya magharibi mwa Tanzania inayajua maradhi ya macho tangu zamani. John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza aliyeondoka Kazeh, palipo Tabora ya leo, mwishoni mwa 1857, alipatwa njiani na uvimbe wa ndani ya macho, hata alipofika Ziwa Tanganyika Februari 1858 akaona ukungu tu. Na ingawa maradhi yake hayakuwa lazima ya bakteria, lau yangekuwa hivyo asingepata dawa, kwani penisilini iligunduliwa mwaka 1928.

Leo dawa zipo, na kinachopotea ni muda. Mkulima wa tumbaku au mkata kuni wa miombo akichomwa na mwiba uliopenya jicho, bakteria wa udongo wa jamii ya Bacillus waweza kuliharibu kwa siku moja au mbili, na ni jambo la kusikitisha sana kwamba siku hizo mara nyingi huishia kwenye matone ya duka la dawa au maji ya majani. Mwiba usichomolewe wala jicho lisikandwe; lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, na majeruhi afikishwe siku hiyohiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, mjini Tabora, ambako madaktari wataamua kama apelekwe mbele zaidi. Aliyetolewa mtoto wa jicho naye arudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki, iwapo katika siku za kwanza maumivu yanazidi, uoni unafifia, au usaha mweupe unatuama chini, mbele ya duara lenye rangi, uso wake wa juu ukiwa umenyooka kama maji yaliyotulia.