Lebo ya leza: Kwa nini namba ndogo ndiyo salama zaidi

Geuza deki ya DVD iliyopo sebuleni mwako, nawe utaona nyuma au chini yake kibandiko kidogo chenye maneno ya Kiingereza: "CLASS 1 LASER PRODUCT". Maneno kama hayo yamo pia kwenye printa nyingi za ofisini. Katika maduka ya Arua na Koboko, mnunuzi huangalia jina la mtengenezaji na bei, akaiacha lebo hiyo bila kuisoma. Hata hivyo, lebo hiyo ina onyo linaloweza kuyanusuru macho ya mtu, na anayelihitaji zaidi ni fundi anayekifungua chombo hicho.

Daraja la kwanza si lenye nguvu

Taa ya kawaida hutawanya mwanga wake kila upande, ilhali leza huupeleka wote katika mwale mmoja mwembamba. Mwale huo ukiingia jichoni, lenzi ya jicho huukusanya zaidi hadi ukawa nukta ndogo mno juu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Retina haihisi maumivu. Kwa hiyo mtu anaweza kuunguzwa asijue, na doa linalobaki katika uoni wake huenda lisiondoke maisha yake yote.

Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, imezigawa leza katika madaraja kuanzia 1 hadi 4. Hapa ndipo wengi hukosea. Katika mazungumzo ya kila siku, kitu cha daraja la kwanza ni kile kinachowapita wenzake wote. Katika leza, kadiri namba inavyopanda ndivyo hatari inavyoongezeka.

Daraja la 1 ni salama katika matumizi ya kawaida. Daraja la 2 ni mwanga unaoonekana usiozidi miliwati 1. Jicho hujikinga kwa kufumba ndani ya robo sekunde, mradi mtu asijilazimishe kuutazama. Daraja la 3R, kwa mwanga unaoonekana, hufikia miliwati 5, na halifai kuelekezwa machoni hata kidogo. Daraja la 3B, linalofikia miliwati 500, linaweza kujeruhi jicho mara moja. Daraja la 4 huzidi hapo: huunguza ngozi, huweza kuwasha moto, na hata mwanga wake unaorudi kutoka ukutani ni hatari. Herufi M baada ya namba 1 au 2 huonya kwamba mwale huo usitazamwe kwa darubini wala kioo cha kukuzia.

Kifuniko kikifunguliwa

Je, deki huwekwaje katika daraja la 1? Si lazima leza iliyomo iwe dhaifu. Deki ni salama kwa sababu leza yake imefungiwa ndani, na swichi maalumu huizima mlango wa diski unapofunguliwa. Kwa maneno mengine, daraja lililoandikwa nje ni la chombo kilichofungwa. Ndiyo maana ndani ya vyombo vingi kuna lebo ya pili, mara nyingi ya rangi ya njano, inayoonya kuwa kuna mionzi ya leza kifuniko kikiondolewa.

Fundi anayeinamia lenzi ya deki iliyo wazi ili aone kama inawaka anajiweka hatarini. Leza inayosoma CD hutoa miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni vizuri. Fundi huona wekundu hafifu akadhani nguvu yake ni hafifu pia, kumbe sehemu kubwa ya mwanga huo haionekani. Na kwa kuwa jicho halioni mwanga mkali, halifumbi. Katika mashine zinazorekodi diski, leza ya ndani huwa na nguvu kubwa zaidi. Njia salama ni kuitazama lenzi kupitia kamera ya simu, kwa mbali na kwa pembeni, huku uso ukiwa nje ya njia ya mwale.

Lebo inaposema uongo

Vitochi vya leza vya kuchezea vinahitaji tahadhari ya pekee. Mwaka 2013, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima vitochi 122. Karibu asilimia 90 ya vile vya kijani na asilimia 44 ya vile vyekundu havikutimiza masharti ya usalama. Kwa hiyo hata kitochi kilichoandikwa kuwa hakizidi miliwati 5 hakifai kupewa mtoto.

Taa za LED na taa za noti

Taa za LED zina kipimo chao, ambacho huzipanga katika makundi ya hatari: lisilo na hatari, kisha la 1, la 2 na la 3. Tochi au taa ya sola yenye onyo la kundi la 2 haipasi kukodolewa macho inapowaka. Mpakani, ambako shilingi ya Uganda hukutana na faranga ya Kongo na pauni ya Sudan Kusini, wapo wanaokagua noti kwa taa ya urujuanimno. Mwanga wake wa zambarau unaoonekana ni sehemu ndogo tu ya miale inayotoka. Uelekezwe kwenye noti, kamwe usielekezwe usoni. Rimoti ya televisheni nayo hutumia infraredi, lakini kwa nguvu ndogo isiyodhuru.

La kufanya

Shirika la Viwango la Taifa la Uganda, UNBS, hutaka bidhaa nyingi zikaguliwe zinakotoka kabla ya kuingizwa nchini. Hata hivyo, ukaguzi huo haumlindi anayekifungua chombo akiwa nyumbani. Itafute pembetatu ya njano yenye alama ya mwale unaochomoza, kisha usome namba iliyo karibu nayo. Chombo cha leza kisicho na lebo yoyote, kiache dukani. Na ukiona doa au ukungu baada ya kumulikwa, usingoje maumivu ndipo uende hospitali: huenda yasije kabisa.