Tangi la Usalama la Mafuta katika Gari la Mashindano: Yapaswayo Kukaguliwa Wakati wa Kununua na Kufunga

Dereva anayejenga gari la mashindano kwa fedha zake mwenyewe hununua vifaa vingi vilivyokwisha kutumika, na hakuna aibu katika hilo. Giaboksi kuukuu ikiharibika, gari litasimama kando ya njia na siku itakuwa imekwisha. Tangi la mafuta ni jambo jingine. Likipasuka, watu wawili waliofungwa mikanda ndani ya kizimba cha chuma wana sekunde chache za kutoka, na mmoja wao, yaani mwelekezi, pengine hakuulizwa hata mara moja tangi hilo lilinunuliwa wapi.

Tangi linalozungumziwa hapa ni lile ambalo mafundi wengi huliita fueli seli. Jina hilo laweza kupotosha, kwa kuwa hutumika pia kwa kifaa kinachozalisha umeme kutokana na haidrojeni, ambacho hakihusiki na makala haya. Tangi la usalama lina sehemu nne. Nje kuna kasha la chuma au aluminiamu. Ndani ya kasha kuna mfuko wa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi madhubuti, na ndani ya mfuko kuna sponji yenye vitundu, ambayo hupunguza msukosuko wa mafuta na kuzuia mwali usienee kwa kasi katika mvuke. Juu kabisa kuna bamba la chuma linalobeba pampu, mdomo wa kujazia, mabomba ya kupeleka na kurudisha mafuta, na bomba la kupumulia. Tangi la kawaida la bati likikunjwa na ajali huchanika. Mfuko wa mpira hubadili umbo pamoja na kasha lililobonyea, na mafuta yakabaki ndani.

Teknolojia hii ilizaliwa na misiba. Tarehe 24 Mei 1964, huko Charlotte nchini Marekani, gari la Fireball Roberts lilipinduka, tangi likapasuka na kuwaka. Aliungua vibaya, akafariki tarehe 2 Julai mwaka huo. Siku sita baada ya ajali yake, madereva Eddie Sachs na Dave MacDonald walikufa katika moto kwenye mashindano ya Indianapolis. Baada ya hapo makampuni ya matairi, yaliyokuwa na ujuzi wa mpira, yalishika kazi ya kutengeneza mifuko ya mafuta isiyochanika kwa urahisi.

Jambo la kwanza la kutazama ni lebo. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, linatambua viwango vitatu: FT3, FT3.5 na FT5, kila kimoja kikiwa na nguvu zaidi ya kilichotangulia. Mfuko uliothibitishwa huwa na alama ya kudumu inayoonyesha jina la mtengenezaji, kiwango, namba ya utambulisho na tarehe. Mpira huzeeka hata usipotumiwa, na nguvu zake hupungua sana baada ya takriban miaka 5. Kwa sababu hiyo, kanuni za FIA haziruhusu mfuko kutumiwa zaidi ya miaka 5 tangu ulipotengenezwa, isipokuwa umerudishwa kwa mtengenezaji, ukakaguliwa na kuthibitishwa upya kwa muda usiozidi miaka 2 mingine. Izingatiwe kwamba hesabu huanzia siku ya kutengenezwa. Mfuko uliokaa ghalani miaka 4 ukiwa ndani ya karatasi yake ya awali umebakiwa na mwaka mmoja, hata kama muuzaji anauita mpya, na kwa maana fulani hasemi uongo.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoweza kukosea. Wanalolitazama ni kasha, ilhali kasha hupigwa rangi upya kwa saa moja. Kinachopaswa kutazamwa ni mfuko. Mwombe muuzaji afungue bamba la juu mbele yako. Papasa mpira kwenye mikunjo na pembe: ukiwa mkavu, umekakamaa au una nyufa ndogo, usinunue. Chukua kipande cha sponji na ukisugue kwa vidole. Kikimeguka kama mkate uliokauka, sponji imekwisha, na makombo yake yataziba chujio na pampu. Petroli iliyochanganywa na etanoli huharakisha uchakavu wa baadhi ya sponji na mipira, hivyo uliza ni mafuta gani yaliyotumiwa. Muuzaji anayekataa kufungua bamba amekwisha kukujibu.

Baada ya kununua, kazi ya kufunga ianze na kasha likiwa tupu, mfuko ukiwa kando. Kuchomelea na kutoboa kote kumalizike kwanza. Ni marufuku kuchomelea kasha lenye mfuko ndani yake, na vilevile kuchomelea karibu na tangi kuukuu lililotolewa garini, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya katika shimo la gereji. Baada ya kutoboa, futa ndani ya kasha mpaka asibaki hata unyoya mmoja wa chuma. Kingo zote kali zilainishwe kwa tupa. Kamwe usitumie skrubu zinazojitobolea zenyewe kwenye kasha. Ncha moja inayochungulia ndani itasaga mpira kwa kila mtikiso wa barabara, na shimo litaonekana siku ambayo hukuitarajia.

Mahali pa tangi ni katikati ya chesisi kadiri iwezekanavyo, mbali na eksozi, wala lisiwe kwenye ukingo wa nyuma wa buti ambako litapokea pigo la kwanza. Lishikwe kwa mikanda ya chuma inayolizunguka, na boliti zake zipite kwenye sakafu iliyotiwa bamba la ziada upande wa chini, kwa maana bati la sakafu peke yake huchanika boliti zikivutwa. Wanaoshiriki mashindano ya mbio ndefu za vumbi wana jambo la kuongeza. Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, njia zake ziliwekwa kuzunguka Naivasha, kwenye mawe na vumbi laini kama unga. Katika njia za aina hiyo, tangi linalojitokeza chini ya sakafu lihitaji ngao imara.

Bomba la kupumulia ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kazi yake ni kuingiza hewa mafuta yanapopungua, lakini gari likipinduka lazima lizibe, la sivyo petroli itamwagika kupitia humo huku mfuko wenyewe ukiwa mzima. Kwa hiyo huwekwa vali inayojifunga inapogeuzwa. Vali mpya isiyowahi kuguswa na petroli yaweza kujaribiwa kwa urahisi: igeuze juu chini na uipulize kwa mdomo kutoka upande wa tangi. Hewa ikipita, irudishe dukani. Bomba lenyewe liishie nje ya bodi, mbali na eksozi, na kamwe lisiishie ndani ya buti. Kisha likaguliwe baada ya kila mashindano, maana likizibwa na vumbi, mfuko hufyonzwa ndani na pampu hukosa mafuta. Dereva huidhania pampu imekufa, akanunua nyingine, na gari likazima tena palepale.

Kati ya tangi na watu lazima uwepo ukuta usiopitisha mafuta wala moto. Neno la kuzingatia ni *usiopitisha*. Ukuta mzuri wenye tundu moja la waya lililoachwa wazi ni sawa na mlango uliorudishiwa. Kila tundu lizibwe kwa kifaa chake. Mabomba yanayopita ndani ya chumba cha abiria yasiwe na maungio humo, ila pale yanapopenya ukuta kwa viungio maalumu. Mipira iwe ya aina iliyosukwa kwa waya na iliyokusudiwa petroli. Kanuni za FIA hutaka istahimili shinikizo la bar 70 kabla ya kupasuka, katika joto la nyuzi 135 za Selsiasi. Mpira wa maji haufai hata kwa safari ya kwenda kujaza mafuta.

Upande wa umeme, kasha na mdomo wa kujazia viunganishwe na bodi kwa waya wa ethi ili cheche za umeme tuli zisitokee wakati wa kujaza. Pampu ifungwe kwa namna ambayo itafanya kazi injini inapozunguka au inapowashwa tu. Boliti za bamba la juu zikazwe kidogo kidogo, moja na ile inayoikabili, kwa nguvu aliyoitaja mtengenezaji, na gasketi ibadilishwe kila bamba linapofunguliwa.

Nchini Kenya, Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 humtaka muuzaji anayefanya biashara atoe bidhaa yenye ubora unaostahili, na huharamisha maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Ili uweze kuidai haki hiyo, hakikisha stakabadhi imetaja kiwango cha mfuko, namba yake na tarehe ya kutengenezwa, na upige picha ya lebo kabla ya kulipa. Ukinunua kwa dereva mwenzako anayeuza gari lake tu, usiutegemee ulinzi huo. Lebo na mikono yako ndivyo vitakavyokulinda.

Mfuko uliokwisha muda wake umwagwe mafuta yote, uachwe nje ukauke kabisa, kisha ukatwe kwa kisu na lebo yake iharibiwe, ili usirudi sokoni ndani ya kasha jipya.