Mjane Akitoka, Mgane Akitoka

Kufiwa kuna kalenda yake. Matanga yanaondoshwa, arobaini inapita, na kwa mjane wa Kiislamu asiye mjamzito eda inakwisha baada ya miezi minne na siku kumi. Siku hizo zote mfiwa hana nafasi ya kuwa peke yake. Kisha mikeka inarudishwa msikitini, masufuria kwa jirani, ndugu wanapanda mabasi. Hapo ndipo wengi wanakuja kwetu washauri nasaha, na mara nyingi hawaji kuzungumzia kifo chenyewe. Wanauliza: "Sasa Jumapili nifanye nini?"

Ni swali zito kuliko linavyosikika. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa ana kazi mbili, na anazifanya kwa zamu. Moja ni kuomboleza. Ya pili ni kujifunza maisha mapya: kulipa luku, kufuatilia mirathi, kwenda arusini bila mwenza. Anakwenda huku, anarudi kule, na katikati anapumzika kote kuwili. Kwa hiyo aliyecheka Jumamosi na kulia Jumapili hajamsaliti marehemu, wala hajarudi nyuma. Zile hatua tano za huzuni zilizovuma, za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, zilitokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, katika kitabu cha mwaka 1969. Hazikuwa ngazi ya kumpandisha mjane.

Wengi wanasubiri hamu irudi ndipo watoke. Mimi nashauri kinyume chake. Mtu akizama katika huzuni hupunguza shughuli. Shughuli zikipungua, vile vitu vidogo vilivyokuwa vikimfurahisha navyo hutoweka, na huzuni inapata nafasi zaidi. Mzunguko huo ulielezwa vizuri na mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, katika miaka ya 1970, alipokuwa akitibu sonona. Njia ya kuukata ni kutoka kabla ya hamu, kwa muda mfupi unaojulikana, na ruhusa ya kurudi mapema bila kuomba radhi.

Lakini utoke uende wapi? Watoto waliopo mbali hupenda kumlipia mama tiketi ya Zanzibar. Ni wema, ila safari kubwa si ngumu sana, maana kule kila kitu ni kigeni. Kinachouma ni safari ndogo ambayo marehemu ndiye aliyekuwa mwenyewe. Chukua mfano wa nyumba ya Dar es Salaam ambayo baba ndiye aliyekuwa akienda Feri alfajiri kununua samaki. Mjane anafika pale anakuta mnada unakwenda mbio, hajui fungu lile linaishia shilingi ngapi, hajui kufunua tamvua atazame kama bado ni jekundu. Muuzaji anamtambua: "Mzee yuko wapi siku hizi?" Anarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Hapo tunaigawa safari vipande. Mara ya kwanza anakwenda na jirani, kutazama tu. Mara ya pili anamwomba mmoja wa wapaa samaki amwonyeshe kuchagua. Na kabla ya kutoka nyumbani anakuwa na jibu tayari mdomoni: "Alifariki mwezi wa tano. Nichagulie kolekole mmoja, wa kukaanga." Jibu fupi, lenye shughuli ndani yake, linampa muuzaji nafasi ya kusema pole na kuendelea na kazi. Siku akibishana bei mwenyewe, ameshafanya kazi ile ya pili.

Kuhusu shughuli mpya, nina upendeleo wangu: kikundi kinachogundua usipofika. Kwaya, vikoba, joging ya Jumamosi, darasa la watu wazima msikitini. Kutembea ufukweni peke yako kunafaa, lakini ufukwe haukupigii simu.

Wagane nawahofia zaidi. Katika nyumba nyingi mke ndiye aliyejua nani kajifungua, nani anadaiwa mchango wa harusi. Akiondoka, anaondoka na daftari lote la ujamaa. Mtafiti Colin Murray Parkes na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1969, waliwafuatilia wagane 4,486 wa Uingereza wenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Katika miezi sita ya mwanzo vifo vilizidi kwa asilimia 40 idadi iliyotarajiwa kwa wanaume wa rika lao wenye wake, na ongezeko kubwa lilikuwa la maradhi ya moyo. Bao la kijiweni lina faida yake, ila pale hakuna anayekuuliza umekula nini. Mgane aanze jikoni, kisha aalike mtu.

Kutoka nako kunaweza kuwa kukimbia. Mtu asiyekosa safari wikiendi yoyote, ilhali hajathubutu kufungua kabati la marehemu, naye anahitaji kuzungumza. Vilevile, huzuni ikipita miezi sita, ikizidi desturi za kwao, na bado imemzuia kula, kufanya kazi au kulea, Shirika la Afya Duniani linaitambua kuwa hali ya kutibiwa, katika mwongozo wa magonjwa ulioanza kutumika mwaka 2022. Aende hospitali.

Wapo pia mawifi wanaomsema mjane anayetoka. "Kaka yetu hata mwaka hajamaliza, yeye kashavaa kitenge kipya." Mgane akionekana amenyoa vizuri, huambiwa anajikaza kiume. Upendeleo huo sina adabu ya kuuelezea hapa.

Na wewe rafiki, acha kusema "ukihitaji chochote niambie". Mfiwa hajui anahitaji nini. Sema: "Dada, Jumamosi saa tatu nakupitia, twende Kariakoo nikachague vitambaa vya mapazia. Saa sita nakurudisha. Ukichoka kabla, tunapanda bajaji."