Mbegu ya Samaki: Maneno kwa Watakao Kuchimba Mabwawa

Wazee wetu wengi wa Rombo hawakuwa walaji wa samaki. Siku hizi mambo yamegeuka, na mtu apitaye sokoni Tarakea huona dagaa na samaki wakavu wakinunuliwa upesi kama maharage. Kwa hiyo si ajabu kwamba wako watu, hasa vijana na walimu, waulizao kama haifai mtu kuchimba bwawa lake mwenyewe na kufuga, badala ya kungoja gari la kutoka Moshi. Swali hili ni jema. Lakini wengi huanza kwa jembe: huchimba shimo, wakalijaza maji, ndipo wakaanza kufikiri habari za samaki. Nami nilifanya vivyo hivyo, na yaliyonipata nitayasimulia hapa chini. Kwanza nataka kueleza jambo ambalo wafugaji wa samaki wa baharini walilijua mapema kuliko sisi, ya kuwa kazi hii ni kazi ya mbegu kabla ya kuwa kazi ya maji.

Katika Bahari ya Mediterania, iliyo kati ya Ulaya na Afrika ya kaskazini, yuko samaki ambaye Waingereza humwita sibasi. Rangi yake ni ya fedha, nyama yake nyeupe, naye hula kamba na samaki wadogo. Bei yake ni kubwa. Kwa karne nyingi watu wa pwani ya Italia walimfuga kwa njia rahisi sana. Waliziba sehemu za maji ya chumvi zilizo kandokando ya bahari, wakawaacha samaki wachanga waingie wenyewe kwa majira yao, kisha wakafunga njia ili wasitoke tena. Mwaka ambao bahari ilileta wachanga wengi, walivuna sana. Mwaka ambao haikuleta, walikaa bure. Watu hao hawakuwa wafugaji hasa. Walikuwa kama mtu angojaye mbuzi wa jirani waingie zizini mwake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ufaransa na Italia walishindana kutafuta njia ya kumzalisha samaki huyo nyumbani. Ugumu wake ulikuwa mwingi. Samaki huyo huzaa wakati wa baridi tu, na jike mmoja mkubwa hutoa mayai mamia ya maelfu, kila yai dogo kuliko kichwa cha pini. Mtoto akianguliwa hana kinywa kilicho wazi, wala macho yake hayajakamilika. Huishi siku chache kwa kiini cha yai alichokuja nacho. Kiini kikiisha, hana budi kula mara moja, tena hula kitu kilicho hai na kinachotembea majini. Mpe unga wa chakula, atakufa njaa huku chakula kimemzunguka. Basi ikawapasa wataalamu wale kufuga kwanza vijidudu vya majini visivyoonekana vizuri ila kwa darubini, na kuwalisha vijidudu hivyo mimea midogo zaidi ya majini, ili mtoto wa samaki apate mlo wake wa kwanza. Baadaye hupewa aina ya kamba wadogo mno, na mwisho huzoezwa kidogo kidogo kula chakula kikavu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 waliweza kupata wachanga kwa mamia ya maelfu. Walijifunza hata kuwadanganya samaki wazazi: huwasha na kuzima taa, na kubadili joto la maji, hata wazazi hao wakadhani ya kuwa majira ya baridi yamefika, wakazaa wakati wowote mwenye kazi atakapo.

Tangu hapo ufugaji wake ulienea Ugiriki, Uturuki, Hispania na Misri. Wachanga wakiisha kupata nguvu hupelekwa baharini katika vizimba vya nyavu, wakalishwa huko mwaka mmoja na nusu au miwili, hata kila samaki afikie uzito wa karibu nusu kilo.

Hata hivyo walipatwa na tatizo ambalo hawakulitazamia. Wachanga waliolelewa katika maji ya moto kidogo ili wakue upesi wakawa wengi wao madume, na katika samaki huyo dume hubaki mdogo, jike ndiye akuaye. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, kwa maana tutaliona tena likiwa limepinduliwa. Na sibasi wa Asia, ambaye si wa ukoo mmoja na yule wa Ulaya ingawa wanaitwa jina moja, ana ajabu kubwa zaidi: huanza maisha yake akiwa dume, na baada ya miaka kadhaa hugeuka kuwa jike. Mtu akitaka mayai kwake inampasa kuwatunza wazazi miaka mingi. Ndugu yake wa karibu twamjua sote, naye ni sangara wa Ziwa Victoria.

Tukirudi kwenye pwani yetu, samaki wa bahari afugwaye huko ni mwatiko. Hufugwa katika mabwawa ya maji ya chumvi nyuma ya mikoko, Mtwara, Tanga, Unguja na Pemba, na vilevile katika pwani ya Kenya. Yeye si mla samaki wenzake. Hula mwani wa kijani uotao chini ya bwawa, na kwa hiyo gharama yake ni ndogo. Lakini kwa upande wa mbegu, wafugaji wengi wa mwatiko wamebaki pale walipokuwa watu wa Italia zamani. Maji ya bamvua yakipwa, huenda na vyandarua vidogo kwenye vidimbwi na vijito vya mikoko kuwatafuta wachanga. Siku nyingine hupata wengi, siku nyingine hurudi na vyombo vitupu, na bwawa lililogharimu fedha nyingi likakaa bila samaki. Wafilipino na watu wa Taiwan walianza kumzalisha mwatiko kwa mikono yao katika miaka ya 1970. Kwetu, kituo cha kutotolesha samaki wa bahari kimejengwa Beit-el-Ras, Unguja, ili mfugaji asitegemee bamvua peke yake.

Sasa nije kwa perege, ambaye ndiye samaki wa mabwawa yetu ya bara, maana bahari haiwezi kupanda Kilimanjaro. Shida yake ni kinyume kabisa cha ile ya sibasi. Sibasi hakubali kuzaa, na perege hakubali kuacha. Dume huchimba kiota chini ya bwawa, jike hutaga, kisha huyaokota mayai kinywani mwake na kuyaatamia humo hata watoto waweze kuogelea. Na wakiona hatari hurudi mbio kinywani mwa mama yao. Kwa ulinzi huo wengi huishi. Tena huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hata sita, wakiwa wadogo bado.

Mimi nilichimba bwawa katika shamba langu la chini, upande wa kwenda Chala, nikalijaza maji ya korongo wakati wa masika. Nilinunua vifaranga mia mbili kwa mtu aliyeniapia ya kuwa wote ni madume. Nikawalisha pumba za mahindi na majani, nikaweka samadi ya mbuzi pembeni ili maji yawe ya kijani. Baada ya mwaka niliwaita jirani zangu waje kuona mavuno. Tulivuta chandarua mara mbili, nacho kikaja kizito hata nikafurahi. Lahaula! Ndani yake samaki walikuwa wengi wasiohesabika, na mkubwa wao hakupita urefu wa kidole changu cha kati. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, “Baba, hawa ndio mbegu, au ndio mavuno?” Sikuwa na jibu.

Wala si mimi peke yangu. Majaribio ya kufuga perege katika mabwawa yalianza Tanganyika mwaka 1949, huko Korogwe na Malya, na kufikia miaka ya 1960 mabwawa yalihesabiwa kwa maelfu. Mengi hayakuleta faida: mengine yalikaushwa na jua, mengine yaliharibika kwa kukosa maarifa na uangalizi. Samaki wakizidi bwawani hugawana chakula kidogo, na kila mmoja hudumaa.

Dawa yake ni kufuga madume peke yao, kwa kuwa katika perege dume ndiye akuaye upesi. Mtu mwenye subira aweza kuwachagua kwa mkono wakiisha kuwa na uzito wa gramu thelathini au zaidi: tumboni, karibu na mkia, dume ana matundu mawili na jike ana matatu. Lakini macho huchoka, na majike wachache tu wakipita, kazi imeharibika. Vituo vya kutotolesha huwapa vifaranga chakula chenye dawa katika majuma matatu au manne ya kwanza, nao karibu wote huwa madume. Kwa hiyo anunuaye na anunue katika kituo kijulikanacho, kama kile cha serikali cha Kingolwira, Morogoro, au kwa mtu ambaye Bwana Samaki wa wilaya anamjua. Wengine hutia kambale wachache wadogo bwawani ili wale watoto wa perege. Njia hii yafaa, ila kambale wawe wadogo kuliko perege, wasije wakawala hata wenye nyumba. Idadi isizidi samaki wawili au watatu kwa kila mita moja ya mraba.

Tena mtu asichimbe bwawa la perege huku juu vihambani. Samaki huyu hustawi maji yakiwa na joto la digrii 25 hata 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo na kukua polepole. Mahali pake ni mashamba ya chini.

Lakini huko chini ndiko liliko Ziwa Chala, na neno hili naona ni zito kuliko yote niliyoandika. Katika ziwa hilo yuko perege asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1889 mtaalamu Günther wa London alimwandika katika vitabu vya elimu kwa jina Oreochromis hunteri, na neno la kwanza la jina hilo limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mlima. Baadaye sato na perege wengi wafugwao duniani waliwekwa chini ya jina hilohilo la ukoo, lililoanzia kwa samaki wetu. Sasa yeye yumo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Perege wa aina nyingine wametiwa ziwani na watu, nao hunyang'anyana naye chakula na mahali pa kuzalia. Na perege wa aina mbalimbali huweza kuzaliana, hata asili ya mmoja ikapotea. Sangara alipotiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za samaki wadogo wa huko zilipotea. Chala ni ziwa dogo sana, na ndoo moja ya vifaranga yatosha kulidhuru.

Baada ya aibu ile nililikausha bwawa langu kabisa, nikaliacha likapasuka kwa jua mwezi mzima ili kisibaki hata kimoja. Kijana mmoja alitaka kuwachukua wale wadogo kwa ndoo akawaachilie Chala, wakakulie huko bure. Nilimkataza, naye akanung'unika. Tuliwaanika juu ya mabati kwa siku tatu, wakaliwa kama dagaa, na bwawa sasa langoja masika na vifaranga wa Kingolwira.