Kifungo cha Nje ama Jela: Gani Inafanya Msee Awache Wizi?

Chukulia hivi: msee wa mtaa ameshikwa na simu ya wizi, na ni mara yake ya kwanza. Hakimu anaweza kumtupa ndani miezi sita, ama ampe kifungo cha nje. Akipewa cha nje, mtaani utasikia, "Si wamemwachilia tu!" Lakini ngoja kwanza.

Kenya iko na sheria ya kazi za jamii tangu 1998. Kama kosa lako halizidi kifungo cha miaka 3, ama korti inaona unastahili miaka 3 kushuka chini, unaweza kupewa kazi bila malipo: kupanda miti, kurekebisha barabara, kusafisha hospitali ya umma. Kwanza afisa wa probesheni anachimba stori yako: unaishi wapi, familia inasemaje, ushawahi kushikwa? Ukihepa kazi, unarudishwa kortini na jela inakungoja.

Sasa, inasaidia? Mwaka wa 2019 Wizara ya Sheria ya Uingereza ililinganisha watu wenye makosa na rekodi zinazofanana. Hiyo ni muhimu, juu mahakimu hupea kifungo cha nje wale tayari wanaonekana afadhali. Bado, waliofungwa chini ya mwaka mmoja walirudia makosa zaidi, kwa tofauti ya karibu watu 4 kwa kila 100. Mwaka wa 2021 watafiti wa Marekani walipitia tafiti 116 wakapata jela haipunguzi kurudia makosa, na saa zingine inaongeza kidogo.

Sababu si ngumu. Miezi sita inatosha kupoteza job na keja, lakini haitoshi kujifunza ufundi wa maana. Na ndani unalala na wezi sugu, unatoka na masomo ya aina nyingine.

Lakini tusidanganyane, watu 4 kwa 100 si miujiza. Kufagia pekee hakubadilishi msee kama jioni anarudi kwa mbogi ileile na njaa ileile. Na mathe aliyeibiwa bado anataka simu yake.

Kwa hivyo beshte yako akisimama kortini kwa kosa dogo na amekubali, asinyamaze hakimu akimuuliza kama ana la kusema. Hapo ndio pa kuomba ripoti ya probesheni.