Neno Dogo, Kosa Kubwa

Kosa lenyewe lilikuwa la neno lenye herufi mbili tu. Mwenzetu kazini alifiwa na babake, nami nikatakiwa niandike barua ya rambirambi kwa niaba ya Waislamu wa pale. Barua zetu zote za ofisini zilikuwa za Kiingereza. Niliiandika usiku chumbani kwangu Kangemi, nikaridhika nayo. Kesho yake, Ijumaa, nikapanda matatu hadi mjini, na baada ya sala nikamwonyesha mzee mmoja wa Lamu, mwalimu mstaafu, nje ya Msikiti wa Jamia.

Alisoma, akavua miwani. "Mwanangu, hapa mwamwomba nani?"

Nilikuwa nimeandika "we pray to the deceased". Nia yangu ilikuwa kusema twamwombea marehemu. Kiingereza changu kilisema twamwomba yeye marehemu. Astaghafirullah! Ilitakiwa "for", si "to". Aombwaye ni Mwenyezi Mungu peke yake, marehemu huombewa.

Mzee hakunicheka. Aliniuliza kama nilisoma nahau chuoni. Nikamjibu, kidogo.

"Basi wazijua herufi za jarri. Mwarabu akisema 'daa lahu', amemwombea mtu kheri. Akisema 'daa alayhi', amemwapiza. Kitenzi ni kile kile. Kilichogeuka ni herufi."

Hapo ndipo nilipofahamu. Sisi Waswahili maana hiyo huitia ndani ya kitenzi chenyewe: omba, ombea; leta, letea. Amkimbiaye simba na amkimbiliaye mamake hawana safari moja. Mwingereza huiweka nje, katika kihusishi kisimamacho peke yake. Naye akitaka, kwa kihusishi hicho hukigeuza kitenzi kizima: "look at" ni kutazama, "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza.

Kosa letu ni kukariri kitenzi peke yake, kisha kukibandika kihusishi chochote kitujiacho ulimini. Mzee aliniusia nijifunze viwili hivyo pamoja, kama kinu na mchi: "wait for", "listen to", "depend on".

Barua niliiandika upya jioni ile ile. Kwa Kiswahili nisingekosea kamwe, maana tangu utotoni nimezoea kusikia matangani: tumwombe Mungu, tumwombee marehemu. "E" moja tu, nayo imebeba itikadi nzima.