Povu la Kahawa, Si Krimu

Mfasiri wa maelezo ya mashine ya espreso akiandika "krimu", msomaji wa Ruangwa atakwenda kutafuta maziwa. "Utando" nao ni wa maziwa yaliyopoa. Sisi twapendekeza "povu la kahawa", kwani laonyesha chanzo chake: hewa ya ukaa iliyomo katika buni iliyokaangwa, ambayo maji yenye kanieneo ya baa 9 hivi huiyeyusha, ikatoka kikombeni kwa viputo. Buni iliyosagwa zamani imekwisha kupoteza hewa hiyo. Basi atakaye povu zuri nyumbani na asage punde kabla ya kupika. Robusta, kama ile ya Kagera, hutoa povu jingi kuliko arabika, ingawa ladha ni shauri jingine. Kahawa ya mdila huchemshwa bila kanieneo hiyo. Povu lake hutoweka upesi, wala halikudai istilahi.